Mkwe Chini ya Lori

Katika gereji ya Kemboi, pale Tuwan mjini Kitale, mtu mkali zaidi kuhusu jeki hakuwa Kemboi mwenyewe. Alikuwa Hesbon Mukhisa, fundi wa breki, Mbukusu mrefu wa maneno machache, mpole kwa kila jambo isipokuwa hilo moja. Umwombe shati, atavua akupe. Umkanyage mguu, atakuambia pole wewe. Lakini thubutu kuingiza kichwa chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki tupu, bila stendi za chuma za kulishikilia, uone moto. Alikuwa akimvuta mtu kwa miguu kama anayemtoa mbuzi kwenye shamba la jirani, na akishamtoa anamwuliza, "Mama yako yuko hai? Basi usimlize."

Hakuwa mwoga wa bure. Alipokuwa anajifunza kazi kule Webuye alimwona mwenzake akilaliwa na pikapu mchana kweupe, watu wamesimama kando wanakunywa chai. Tangu hapo akawa na msemo wake: jeki ni ya kuinua, si ya kushikilia. Aliwaimbia wenzake mpaka wakachoka, na Kemboi akauandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa stoo.

Kwa hiyo nikikuambia kwamba ni Mukhisa huyohuyo aliyejitupa chini ya lori siku moja ya Novemba, mwaka wa elfu mbili na nne, lori likiwa limeshikiliwa na jeki peke yake, tena jeki yenyewe inashuka, utasema nakudanganya. Na alijitupa kwa hiari yake, akili timamu, hajaonja kitu. Ngoja nikueleze, halafu useme wewe ungefanyaje.

Kwanza umjue mama mkwe wake. Mukhisa alikuwa amemwoa Nasimiyu, binti ya Edah wa Kamukuywa, kule Bungoma. Edah alikuwa mama wa kanisa, mkulima wa mahindi na maharagwe, mwenye mikono iliyozoea jembe, na kwa mambo ya ukwe alikuwa wa kale kabisa. Siku hizi utamwona mtu anakula meza moja na mama mkwe wake, wanataniana, wananyang'anyana rimoti ya televisheni. Si Edah. Kwake yeye, mama mkwe na mkwe wa kiume hawapeani mkono, hawatazamani usoni, hawapishani kwenye njia nyembamba. Wakiwa na neno, linapitia kwa mtu wa tatu. Siku moja Mukhisa alikutana naye ghafla pale sokoni Kamukuywa, na Edah, bila kusita, akaingia duka la mtu asiyemjua akasimama nyuma ya magunia ya mbolea mpaka mkwe akapita. Mwenye duka alidhani ni mwizi. Mukhisa naye hakucheka, maana alilelewa vivyo hivyo. Alimheshimu yule mama kuliko alivyomheshimu mchungaji, na ukweli usemwe, alimwogopa pia.

Sasa Nasimiyu alikuwa na mimba ya kwanza, na siku zake zilikuwa zimetimia. Alikuwa amekwenda kwa mama yake angojee huko, kwa sababu hospitali ya misheni ya Lugulu haikuwa mbali na aliiamini. Mukhisa alibaki Kitale, mikono kwenye breki, moyo Kamukuywa. Kila mara simu ya Kemboi ilipolia, alisimama.

Siku hiyo, saa ya chakula cha mchana, alikuwa peke yake gerejini. Kemboi na mafundi wengine walikuwa wametoka na pikapu kwenda kujaribu breki zake kwenye mteremko wa barabara ya Endebess. Ilikuwa sheria ya gereji ile kwamba aliyetengeneza breki lazima apande gari likijaribiwa, ili mikono isilegee, na ile pikapu haikuwa kazi ya Mukhisa. Kazi yake ilikuwa lori dogo la kubebea mahindi. Lilikuwa limerudishwa kinyumenyume hadi kwenye lundo la injini kuukuu, ubavu wake wa kulia umekaribia kugusa ukuta wa mabati. Upande wa kushoto ndio uliokuwa wazi, na huko nyuma kushoto ndiko magurudumu yalikuwa yametolewa.

Breki zilikuwa tayari. Alipozijaribu mara ya kwanza, paipu moja ilipasuka ikammwagia mafuta ya breki mwili mzima. Akabadilisha paipu, akajaribu tena, zikashika vizuri. Ovaroli na shati akavifua kwa sabuni na maji moto, akavianika kwenye waya karibu na geti, akabaki na kaptula. Tena si kaptula ya kujivunia. Ilikuwa ile ambayo mtu huvaa ndani ya ovaroli akijua hakuna atakayeiona ila Mungu na mkewe.

Lililobaki ni kurudisha magurudumu. Ekseli ilikuwa juu mno, matundu ya gurudumu hayakukutana na boliti zake, kwa hiyo akaitoa stendi akaisukuma kando, akaingiza chuma cha jeki kwenye skrubu ya kushushia, akaifungua kidogo tu, lori likaanza kuteremka polepole. Hiyo ni kazi ya kila siku. Fundi akiwa nje ya gari, hakuna hatari yoyote. Gurudumu la kwanza lilikuwa limelala hapo kando, linangoja.

Hapo ndipo aliposikia sauti getini.

"Hapa ndiyo kwa Kemboi?"

"Ndiyo, mama," akajibu Chepchumba, aliyekuwa akiuza githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, pale nje. "Unataka nani?"

"Natafuta Mukhisa. Mimi ni mama ya Nasimiyu."

"Mukhisa si yuko ndani. Ingia tu, mama."

Mukhisa alitazama ovaroli: iko getini, anakoingilia. Alitazama stoo: imefungwa, ufunguo anao Kemboi. Alijitazama mwenyewe: kifua wazi, kitambi kidogo cha ndoa, kaptula yenye tundu mahali ambapo sitapataja. Kivuli cha mwanamke kikaonekana kwenye changarawe. Mukhisa hakufikiri. Akadondosha chuma cha jeki, akalala chali, akajisukuma kwa visigino chini ya lori mpaka kifua chake kikawa chini ya ekseli na kichwa ng'ambo yake, kwenye giza na harufu ya girisi.

Usimcheke haraka. Kuna mambo ambayo mwili hufanya kabla akili haijavaa viatu.

Kutoka pale chini aliweza kuona kipande kidogo tu cha dunia. Viatu viwili vya raba, vyeusi, vyenye matope mekundu ya Kamukuywa, vilikuja, vikasimama, vikazunguka kidogo. Halafu Edah akaketi juu ya lile gurudumu lililolala, pale kivulini, hatua chache kutoka kwake, akaweka kikapu chini. Alishusha pumzi kama mtu aliyetoka mbali. Upande wa pili wa mabati kinu cha posho kilikuwa kikinguruma bila kupumzika, na ngurumo hiyo ilizima kila kitu kingine.

Na Mukhisa alipotulia kidogo, hofu nyingine ikaja, kubwa kuliko ya kaptula. Mama huyu amekuja mwenyewe. Mtu ambaye hata salamu hutuma kwa mdomo wa mtoto, leo amepanda gari mpaka Kitale kumtafuta mkwe. Kwa nini asipige simu kwa Kemboi? Kwa nini asitume shemeji? Habari njema hutumwa. Habari inayoletwa na mama mkwe kwa miguu yake mwenyewe ni habari gani? Akamwona Nasimiyu amelala kwenye kitanda cha Lugulu, amefunikwa shuka mpaka kichwani. Alitaka kuuliza. Neno moja tu: mzima? Lakini angeulizaje, amelala chini ya lori kama panya, nusu uchi, mbele ya mama wa mkewe? Akauma midomo. Kemboi yu karibu kurudi, alijiambia. Kemboi atakuja, mama atampa neno, Kemboi ataniletea ovaroli. Mtu wa tatu.

Akainua mkono ajipanguse jasho, na kiwiko kikagonga chuma.

Hakukuwa na chuma hapo alipoingia. Alikumbuka vizuri, maana fundi hujua nafasi kama mpishi anavyojua chumvi. Alipoingia, ekseli ilikuwa juu ya kifua chake kwa urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Sasa akapima kwa shubiri. Shubiri moja na nusu. Akageuza shingo kuitazama jeki, na hapo akaikumbuka skrubu. Aliifungua. Hakuifunga.

Lori lilikuwa linashuka, tena bila kelele. Ulikuwa ule mteremko wa pole aliouomba mwenyewe, unafanya kazi yake vizuri kabisa. Akanyoosha mkono akaishika skrubu kwa vidole. Haikugeuka. Kwa uzito ule haigeuki kwa vidole, inataka chuma chake, na chuma chake alikuwa amekidondosha nje. Alikiona. Kilikuwa kimelala karibu na kiatu cha kushoto cha mama mkwe.

Sasa hapa ndipo mimi huwa nakasirika. Wakati huo Mukhisa angeweza kutoka. Nafasi ilikuwepo. Angejiviringisha mara moja tu, angekuwa juani, mwenye aibu na mzima. Ni yeye aliyewafundisha watu wote wa gereji ile kwamba mtu haingii chini ya jeki tupu hata kuokota spana. Lakini alilala pale akipiga hesabu ya aibu yake, kana kwamba aibu inaua. Alijiona akitokeza mbele ya Edah na ile kaptula. Aliona habari ikifika Kamukuywa, mtu wa mtaani akisema, mkwe wa Edah alimtokea uchi. Aliona Nasimiyu, kama yu hai, akiinamisha uso. Akajiambia, jeki inashuka polepole, Kemboi atafika kwanza. Waswahili walisema mficha uchi hazai, lakini nani anakumbuka methali akiwa ndani ya kaptula mbovu? Heshima ni kitu kizuri, bana. Lakini heshima haijawahi kushikilia ekseli.

Vumbi la kutu likamwangukia puani. Alijizuia, akajizuia, akakohoa.

Viatu vya raba vilishtuka. Ncha zake zikamgeukia Mukhisa. Alijua miguu yake inaonekana, nyayo zake kubwa ambazo Nasimiyu alizitania kila siku. Viatu vilisimama hivyo, vimemwelekea. Halafu, taratibu, vikageuka. Akaona visigino. Leso ikashuka mpaka karibu na ardhi, kama mtu aliyejifunika kichwa na mabega. Edah amejua. Na kwa kuwa amejua, amempa mgongo, ili mkwe wake asione haya.

Machozi yalimlenga Mukhisa pale chini, na yalikuwa ya shukrani. Mama wa watu amemwelewa. Amemfungulia njia. Sasa anaweza kuteleza nje, akanyata hadi getini, akavaa, akarudi kama binadamu. Akakusanya nguvu, akajisukuma kuelekea kushoto.

Alikwama.

Lori lilikuwa linashukia upande huohuo wa kushoto, upande usio na magurudumu. Mbele yake lilining'inia tangi la dizeli, nyuma yake springi na boliti zake ndefu, na vyote viwili vilikuwa vimeshuka pamoja na lori. Miguu ilipita, nyonga zikakataa. Akajaribu ubavu, bega likagonga ekseli. Akajirudisha chali. Ekseli sasa ilikuwa shubiri moja tu kutoka kifuani. Alipovuta pumzi ndefu, chuma baridi kiligusa nywele za kifua chake.

"Mama," akasema.

Kinu cha posho kilimeza neno lile.

"Mama." Safari hii kwa nguvu. "Naomba hicho chuma. Hicho kilicho karibu na kiatu chako."

Leso ilitikisika. Edah hakujibu kwa mdomo, maana alikuwa na adabu zake. Mkono wake ukashuka, ukapapasa, ukakishika chuma. Na bila kugeuza kichwa hata kidogo, akakirusha nyuma chini ya lori, kwa upole, kama anayemtupia kuku punje. Kikagonga tangi, kikateleza, kikasimama mbele huko chini ya gia-boksi. Mukhisa alinyoosha mkono mpaka kwapa likauma. Hakukifikia.

"Umepata?" Edah aliuliza, akiutazama ukuta.

Mukhisa alikuwa anaitazama jeki. Ilikuwa imesimama juu ya kipande cha ubao, na ubao juu ya ardhi iliyonyeshewa usiku mzima. Kadiri lori lilivyoegemea kushoto, ndivyo ubao ulivyozama upande mmoja. Jeki ilikuwa imeinama. Kidogo tu, kama mlevi anayejifanya hajalewa. Mukhisa alijua kinachofuata kuliko mtu yeyote wa Trans-Nzoia. Jeki ikiinama haishuki tena polepole. Inaruka. Na ikiruka, kila kitu kinakuja mara moja.

"Mama, geuka."

"Siwezi, mkwe wangu." Sauti yake ilikuwa ya huruma. "Nilikuona. Huna nguo. Wewe toka tu, mimi sitazami. Nitaangalia huku mpaka uvae."

"Siwezi kutoka. Lori linanishukia."

"Ati?"

"Lori, Mama. Linanishukia kifuani. Geuka unitazame, la sivyo nakufa hapa ukinisikia."

Sijui ni nini kilipita ndani ya yule mama. Miaka yote ya maisha yake alikuwa amefundishwa njia moja ya kumpenda mkwe, nayo ni kumkaa mbali. Mukhisa aliona visigino vimetulia. Aliona kimoja kikiinuka, kikarudi. Halafu viatu vikazunguka, na goti likagonga ardhi, na uso wa Edah ukatokea pale kwenye mwanga, uso ambao hakuwahi kuuona kwa karibu tangu amuoe binti yake. Ulikuwa uso wa Nasimiyu, ulioongezwa miaka. Macho yao yakakutana.

"Mungu wangu," Edah alisema, bila kupaza sauti. Akasimama, akalishika lori kwa mikono miwili, akaanza kuliinua.

"Huwezi, Mama. Hata wanaume kumi hawawezi. Nisikilize." Mukhisa alikuwa anasema kwa pumzi fupi fupi, kwa kuwa zile ndefu hazikuwa na mahali. "Hilo gurudumu ulilokalia. Lisukume huku chini ya springi. Lilale bapa. Hapa, karibu na jeki. Usiguse jeki. Usiweke mkono wako chini ya kitu chochote. Tumia mguu."

Gurudumu la lori si kitu cha kuchezea. Edah aliliinamia, akaingiza vidole chini ya mpira, akaliinua ubavu kama mtu anayeinua gunia la mahindi, goti, paja, kifua. Likasimama. Akalizungusha. Likamponyoka likaanza kwenda lake, akalikimbilia akalidaka, akalirudisha. Kikapu kilipinduka, ndizi zikatawanyika, akazikanyaga. Mukhisa aliiona jeki ikiinama zaidi. Alisikia ubao ukilia kwenye matope.

"Liangushe sasa. Hapo hapo. Sukuma."

Likaanguka bapa, nusu ndani nusu nje. Edah akaketi chini, leso juu ya magoti, mikono nyuma, akaweka viatu vyake vyote viwili kwenye gurudumu na kulisukuma kwa nguvu zote alizowahi kulimia. Likasogea kidogo. Likakwama kwenye jiwe. Akarudisha magoti hadi kidevuni, akasukuma tena, na kutoka kooni mwake ikatoka sauti ya kina mama walioko leba. Gurudumu likalipita lile jiwe.

Jeki ikaruka. Ilipita karibu na sikio la Mukhisa ikagonga mabati, na lori lote likaja chini. Springi ikatua juu ya gurudumu, mpira ukabonyea, ukainuka kidogo, ukashika. Ekseli ikatua juu ya kifua cha Mukhisa na kusimama hapo, imembana lakini haijamponda. Ilimwachia pumzi nyembamba, ya kuvutia kwa pua tu. Hakuweza kusema. Alijaribu, midomo ikacheza bila sauti.

Edah hakungoja aambiwe. Alilala kifudifudi kwenye mafuta na matope na ndizi, kitambaa cha kichwa kikamvuka, akaingiza mikono, ingawa Mukhisa alikuwa amemkataza. Mmoja uliushika mkono wa mkwe juu ya kiwiko. Wa pili ulipapasa, ukafika kwenye kaptula, ukaikamata hiyohiyo kaptula kiunoni kama mpini. Tangi lilikuwa limesimama juu ya ardhi sasa, halishuki tena, na mbele kidogo ya gurudumu palikuwa na uwazi ambao mtu angepita kama hajali ngozi yake.

"Toa pumzi," akamwambia. "Yote. Jifanye mwembamba."

Mukhisa akatoa pumzi yote aliyokuwa nayo, na Edah akavuta. Chuma kilimchana kifua kuanzia chuchu hadi bega. Akavuta tena. Kaptula ilipasuka, akabadilisha mkono akamshika ubavuni kwenye nyama, kucha zikaingia. Akavuta mara ya tatu, na Mukhisa akatoka nje juani, akamwangukia mama mkwe mapajani. Alivuta hewa kwa sauti ambayo Chepchumba aliisikia kule getini hata kinu kikinguruma, akaja mbio na mwiko mkononi. Alipowaona walivyo, akarudi akasimama getini ili asiingie mtu mwingine.

Mukhisa alikuwa na damu kifuani, na mbavu zilizomuuma kila alipopumua, na baadaye daktari alimwambia mbili zilikuwa zimevunjika. Edah alimfunika kwa leso, kuanzia mabegani. Hakugeuza uso.

"Mama, nisamehe," Mukhisa alisema alipoweza kusema.

"Nasimiyu amejifungua alfajiri," alimjibu. "Mtoto wa kiume. Wazima wote wawili, anauliza tu uko wapi. Tulipiga hiyo simu ya bosi wako, haikuingia. Nikasema siwezi kungoja mtu wa kutuma. Nilikuwa na furaha, mkwe wangu, miguu ikanileta yenyewe."

Mukhisa alifumba macho. Yale mawazo yote ya shuka na kitanda cha Lugulu yalimtoka, akalia kwa sauti, na kila kwikwi ilimchoma mbavu. Edah alimwacha alie. Alipotulia, alimwuliza, bila ukali, kama anayetaka kuelewa jambo.

"Ulinisikia nikiingia?"

"Nilikusikia."

"Ndiyo ukaingia huko?"

"Ndiyo."

"Ukijua kwamba hiyo kitu inashuka?"

"Si mara moja. Nilijua baadaye. Nilipojua, nafasi ya kutoka bado ilikuwepo. Lakini nilikuwa hivi. Nilikuheshimu, Mama."

Edah alilitazama lile lori lililolalia gurudumu, mpira umebonyea, na nafasi ile nyembamba chini ya ekseli ambamo sungura asingelala.

"Na mimi nilijua uko huko," alisema. "Nikakupa mgongo. Nikajiambia, nimemtendea mkwe wangu vizuri." Akamshika kidevu, mkono wake wa matope, akamgeuza uso watazamane. "Sasa wewe niambie. Ningefika Lugulu nimwambie Nasimiyu nini? Kwamba tuliheshimiana mpaka ukafa?"